Injini ya Marehemu Mseti

Jumatatu, 3 Machi 2025
Pikipiki ya kaka Mseti, ile XL, imefika gereji kwangu. Mwaka mzima ilikaa Mwitongo kwa mama, chini ya turubai. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti! Jeska, mjane wake, anataka kubebea samaki kutoka Bukima hadi Butiama. Ataendesha mwenyewe. Nikacheka — akanijia juu.
"Shemeji, sitaki ya kujikongoja. Nataka ipande ule mlima na matenga mawili bila kulia."
Haya. Atapata.

Jumanne, 4 Machi
Nimepanga asubuhi nzima. Kuchonga bloku, pistoni kubwa zaidi, kabureta pana, sproketi ya nyuma iongezwe meno. Magige, fundi wa mashine ya kuchonga kule Bunda, anasema nimpelekee bloku, apime kwanza ndipo tuongee pistoni.
Mseti aliniomba kazi hii hii miaka mitatu. Nilikuwa namwambia subiri. Inaniuma.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefungua kichwa cha injini.
Kamshafti, chuma kinachosukuma valvu, imeungua, imekuwa bluu, imeng'ang'ania pale inapokaa. Kavu kabisa. Nikafuata njia ya oili kwa waya. Waya ukagoma. Nikachokoa — kikatoka kipande cha silikoni, kirefu kama punje ya mchele. Ile ya kupaka kwenye gasketi. Ilipakwa nyingi, ikamwagikia ndani, ikaziba.
Kichwa kile nilikifunga mimi. Siku tatu kabla ya ajali iliyomuua Mseti.

Ijumaa, 7 Machi
Sijafungua gereji. Nimesema naumwa.
Oili haikupanda. Injini ikanata, tairi la nyuma likaloki kwenye kona, Mseti akarushwa. Hakulewa! Na nani alisimama makaburini akasema pombe imetuulia ndugu? Mimi. Kwa sauti. Watu wakaitikia.
Jeska alilia kwamba Mseti safari ya samaki alikuwaga hanywi hata tone. Nani alimsikiliza? Mama mpaka leo anamwita mwanamke aliyeshindwa kumzuia mumewe. Hawali meza moja.
Nilitaka kukitupa kile kipande. Nimekiweka kwenye kopo la nati. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 10 Machi
Bunda. Magige amepima bloku, inachongeka. Pistoni anayo. Akachungulia lile tundu la oili, akakuta mabaki ya silikoni ukingoni.
"Aliyefunga hii nani?"
Nikasema fundi mmoja wa zamani, alihama.
"Bora alihama. Huyo ataua mtu."
Nikacheka naye. Nilicheka!

Jumatano, 12 Machi
Mama amepiga simu. Misa ya kumbukumbu ni Jumamosi ya tarehe 22. Anataka niongee tena, niwaonye vijana kuhusu pombe. Eti mwaka jana niliongea vizuri.
Nikaitikia ndiyo mama.

Jumamosi, 15 Machi
Jeska amekuja asubuhi na sato wawili. Hakutaka kukaa bure — amefunga kanga kiunoni, anaosha vyuma kwa petroli. Anauliza jina la kila kitu. Ringi. Valvu. Anashika haraka kuliko mafundi wangu. Ameiona pistoni mpya akaibusu, mwehu huyu. Mwaka mzima sijamwona akifurahi.
Kisha akaongea bila kuniangalia.
"Shemeji, ile Jumamosi usiseme tena ya pombe. Sikuombi umtetee. Nyamaza tu."
Nikasema sawa.
Akavuta kopo la nati, akalimwaga kwenye beseni. Mimi nimesimama tu, spana mkononi. Amezipanga kubwa na ndogo. Akakiona kile kipande. Amekiosha nacho, vizuri, kwa vidole viwili, akakifuta na kanga.
"Na hiki kiraba? Kinakaa wapi?"
Nimemwambia ngoja ninawe mikono. Nimeingia stoo, naandika. Sijanawa, ukurasa wote oili. Anaita.
Hajakasirika. Anadhani nimemsahau.
Anaita tena — shemeji, hiki kinakaa wapi, nisije nikakipoteza