Mwisho wa Filme Niliuficha

Mama Marcelline wa redio, mupendwa, ninakuandikia unisaidie. Mimi ni Constant, mwalimu wa kifaransa, na tangu vita ifunge masomo ninatafsiri filme kwa mikro katika chumba cha video hapa mutaa wa Rwambuzi, Bunia, na Jumapili tulionyesha filme mupya, ya jeep na bunduki, lakini nikaitambua mara moja, ni théâtre, muchezo wa jukwaani, ya zamani ile ile niliyofundisha miaka kumi: mama ameficha mutoto wa adui, na kwa sababu aliapa hatasema uongo kamwe, waaskari wakimuuliza anajibu, "Yuko chini ya kitanda," na mutoto anauawa. Mama, nilishindwa kutamka maneno yale mbele ya watu wa Bunia! Nikatafsiri, "Humu hamuna mutu," halafu, kabla picha haijanisaliti, nikazima groupe ya umeme, nikasema essence, mafuta yake, imekwisha. Sasa Joséphine, mujane jirani yangu, amenifuata na kuninong'oneza kwamba anaficha mutoto musichana wa upande mwingine, siku ya tisa leo, akauliza, "Mwalimu, yule mama wa filme alishinda? Maana na mimi nitajibu vile vile, kwamba hamuna mutu." Nikimwambia ukweli ataogopa na kumufukuza mutoto, nikimudanganya anaweza kufa naye, nifanye nini?

Constant, weye mwalimu muzima, akili uliiacha wapi? Unaandikia redio jina la mujane, mutaa wake, na mutoto anayefichwa! Barua yako sitaisoma hewani. Ninakujibu kwa mukono, na ukimaliza kusoma, choma.

Pole, lakini. Ulizima groupe kwa huruma, ninakuelewa. Ila Joséphine usimudharau. Mutu aliyeficha mutoto wa wengine siku tisa hatamufukuza kwa sababu ya filme. Mwambie leo: yule mama alisema kweli, na mutoto akafa. Wazee walicheza ile théâtre ili watu warudi nyumbani wakimukasirikia, si ili wamufuate. Miaka kumi unaifundisha, hilo hukuliona?

Halafu usimwache na jibu moja tu mudomoni. Leo wataamini, kesho watarudi kupekua. Asubuhi, wanawake wanapokwenda kuchota maji, muke wako atoke na Joséphine, mutoto katikati yao na bidon yake ya maji kichwani kama watoto wote, wapitilize mpaka kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege. Watu wa kwao wako kule. Weye tangulia. Ukiona barrière ya waaskari, vua kofia iwe alama, nao warudi na maji, mujaribu tena kesho yake.

Jumapili ijayo watu watadai mwisho wa filme. Waonyeshe mwisho wote, neno kwa neno, hata lile la kitanda. Joséphine akae mbele kabisa. Chini ya kitanda chake, siku hiyo, hamutakuwa na mutu.

Mama Marcelline