Pete Iliyopimwa kwa Kidole cha Mama

Homa Bay,
Jumapili jioni

Ndugu yangu Fanuel,

Salamu zangu zikufikie huko Nakuru, wewe pamoja na wifi yangu na watoto. Natumaini kikohozi cha yule mdogo kimeisha na kazi inaendelea vizuri. Sisi huku ni wazima. Mvua imenyesha, mahindi ya nyumbani Uriri yamefika kiunoni, na saluni yangu haikosi kichwa cha kusuka. Siku hizi simu zangu huzipokei, ndiyo maana nimeona niandike. Barua haikatwi katikati.

Ulisema umenyimwa ruhusa ya kuja kwenye harusi ya Baba, basi nikueleze ilivyokuwa. Bila shaka unakumbuka tulivyofurahi Baba alipotuita akasema amechoka kukaa kanisani kama mgeni, na sasa atafunga ndoa. Kanisa linataka mwanamume asimame na mke mmoja, na kati yetu hakuna aliyeuliza ni yupi. Mama ndiye mikayi, mke wa kwanza, aliyeolewa kwa ng'ombe wakati Baba hana hata bati moja juu ya kichwa. Miaka yote hiyo wengine wakienda kupokea komunyo, yeye hubaki kwenye benchi akitazama viatu vyake. Tukakubaliana mimi na wewe kwamba pete ziwe zawadi yetu.

Nilimpima kidole kwa uzi akiwa anamenya njugu, nikaufunga uzi ule fundo nikaupeleka Migori mjini kwa Mochama, fundi wa pete. Kiungo cha kidole cha Mama kimenenepa kwa sababu ya jembe, kwa hiyo Mochama alilazimika kutafuta pete pana kuliko zote za wanawake alizokuwa nazo. Zenye mawe nilizikataa, zenye maua nikazikataa. Nilichagua ya fedha tupu, maana Mama hapendi makuu. Ndani nilimwambia achonge "Dorine na Zadock". Nilikutumia picha, nawe ukajibu kwamba umetokwa na machozi. Pete zote mbili nikampa Baba azitunze.

Siku moja kabla ya harusi niliwasili nyumbani na gauni la Mama mkononi. Nilimkuta nyuma ya jiko akichambua omena za wageni. Bila kuinua kichwa aliniambia kwamba jina lililokuwa likisomwa kanisani kwenye matangazo ya ndoa si lake, ni la Mama Tony, mke mdogo. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Mama alinikemea, akasema wageni wako njiani na omena hazijaoshwa. Nilipomfuata Baba, alinijibu kwamba mzee anahitaji mtu wa kumhudumia uzeeni, na Mama siku hizi analalamika magoti. Fanuel, magoti yale yameharibikia kwenye shamba lake!

Niliingia kanisani kwa sababu Mama aliingia. Baba alipomvika Mama Tony pete, ilicheza kidoleni kama bangili ya mtu mzima kwenye mkono wa mtoto. Ilibidi akunje ngumi misa nzima ili isianguke. Hapo ndipo nilipoijua. Mama naye aliijua, kwa maana aliuficha mkono wake ndani ya leso na hakuutoa tena. Niliona aibu utadhani mimi ndiye niliyekosa.

Kwenye karamu Baba alisimama akatangaza kwamba kile kiwanja cha kando ya barabara, ambacho sote tulijua ni cha Tony, utajenga wewe. Watu wakapiga makofi. Mimi mjinga nilidhani dhamiri inamsumbua, anataka kumpoza Mama kupitia kwako.

Jumatatu nilikwenda Migori na hasira zangu zote kumwangukia Mochama. Nilijua Mama Tony asingevikwa pete yenye jina la Dorine, basi nikamwuliza kwa nini amelifuta bila kuniambia mimi niliyeagiza. Alishangaa. Alisema hakufanya lolote kwa siri, kwani mzee alikuja mwenyewe na kijana wake anayefanya kazi Nakuru, mwenye mwanya kwenye meno ya mbele kama wangu. Kijana huyo ndiye aliyemtajia jina la Mama Tony, Mellen, na ndiye aliyemwomba asugue sana ili la zamani lisisomeke hata ukiligeuzia mwanga. Mochama alipouliza kuhusu mimi, kijana alimjibu kwamba dada anajua.

Dada anajua! Mimi nilikuwa hapa nikikunja pindo la gauni la Mama. Wewe ndiwe mtoto wa kwanza wa kiume wa mikayi. Ungesema hapana, wazee wasingemruhusu Baba. Badala yake ulipanda gari ukaja kufuta jina la mwanamke aliyekuzaa, ukalipwa kiwanja. Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo nilikuwa nikiisema tu, sasa naijua. Nimelia, Fanuel, na sikumlilia Baba.

Mama hajambo. Padri alimweleza kwamba maadamu mumewe amefunga ndoa na mwingine, naye anaishi peke yake nyumbani mwake, hakuna tena kinachomzuia. Leo asubuhi amepokea komunyo, amevaa gauni lile lile. Kidoleni alikuwa na pete mpya niliyomchongeshea: "Nyar Karungu". Binti wa Karungu, jina alilokuja nalo kwetu kabla hajapikia mtu yeyote. Imemkaa sawasawa.

Habari yako sijamwambia. Anaamini pete hii tumeinunua wawili, kama ile ya kwanza. Alitoka kanisani akiizungusha kidoleni, akaniagiza nikushukuru, na kabla sijaondoka akaniuliza kama nimeshakushukuru. Anakuombea ujenge salama. Basi shukrani zake ndizo hizo, nimezifikisha. Siku utakapokuja kuchimba msingi atakuonyesha pete yake, na utamjibu mwenyewe.

Nisalimie wifi. Watoto waambie shangazi yao anawapenda na atawaletea njugu. Wewe nimekusalimia pale mwanzo, inatosha.

Ni mimi dada yako,
Roseline