Nilimkana Mama Katika Chumba cha Pasi

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumapili haijafika, maana Jumapili mama yangu anarudi kwake, na akiondoka hivi alivyo sijui nitamfuata kwa uso gani.

Mimi ni mfamasia, nina mume na watoto wawili, na kosa langu lilianza zamani, wakati wa uchumba, siku ambayo mama mkwe, aliyekuwa mwalimu mkuu na mpaka leo huuliza maswali utadhani anasahihisha mtihani, aliniuliza mama yako anafanya kazi gani, nami nikajibu anapokea wageni katika hoteli kubwa, wakati ukweli ni kwamba mama alitandika vitanda na kusugua mabafu ya hoteli hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Nilisema neno moja tu, lakini likazaa mengine, mara mama anaongea na mabalozi kwenye simu, mara yeye ndiye mwenye funguo zote, na mama mwenyewe hakujua lolote kwa sababu anaishi mbali na alikuwa amekutana na wakwe zangu mara mbili tu.

Njia ya mwongo ni fupi, ila yangu ilinichukua miaka kumi na moja. Mwezi huu mama alipokuja kututembelea, mume wangu, kwa nia njema kabisa, alipanga siku moja ya likizo tutoke wote, bibi wawili, sisi na watoto, tukazione hoteli tatu kongwe za mapumziko kwenye chemchemi za maji moto, na ya pili ndiyo ile ya mama. Alitaka kumfurahisha mkwewe, sasa mimi ningesema nini? Mama alivaa viatu vyake vya maana na akawachekesha watoto njia nzima.

Hoteli ya kwanza ilipita salama, tukaona ngazi za mbao na mabafu ya marumaru, mama mkwe akisoma kila kibao kwa sauti mpaka mwongoza wageni akakosa kazi. Tulipoingia ya pili, mama mkwe akamshika mama mkono, akamwambia, "Dada, hebu simama nyuma ya kaunta yako nikupige picha." Mama akashangaa, akasema, "Mimi? Huku hata kupita tulikuwa haturuhusiwi. Mlango wetu ulikuwa kule nyuma." Nikacheka kwa nguvu, nikasema jamani, mama naye kwa utani, na mama akanitazama, akaelewa.

Ghorofani wamekiacha chumba kimoja kama kilivyokuwa enzi hizo, na niliona mikono ya mama inavyokitamani kile kitanda, maana kona za shuka zilikunjwa ovyo, lakini hakugusa. Kisha tukashuka chumba cha pasi, ambako wamemweka bibi mmoja mstaafu aliyepiga pasi hapo maisha yake yote, anawaonyesha wageni zile pasi nzito za makaa. Alipomwona mama alisimama na mikono wazi, akapiga kelele, "Chapuchapu! Si wewe, Chapuchapu wa ghorofa ya tatu? Chumba dakika kumi!" Wote wakageuka, mama mkwe akavua miwani, nami kabla sijafikiri nikasema, "Samahani, bibi, umemfananisha. Mama yangu alikuwa mapokezi."

Mama alinitazama mimi, akamtazama yule bibi, halafu akasema taratibu, "Kweli, dada, umenifananisha." Yule bibi akashusha mikono, akasema, "Basi niwie radhi. Macho yangu siku hizi hayafai."

Hoteli ya tatu mama hakuingia, alisema miguu inamuuma, akabaki kwenye benchi bustanini. Tangu siku hiyo hajanigombeza wala hajalia, ila anashukuru kwa kila kitu, hata friji anaomba ruhusa kabla ya kuifungua, na jana binti yangu alipomuuliza, "Bibi, Chapuchapu ni nani?" alijibu, "Simjui." Nilikuwa jikoni, nikasikia, nikalia mpaka mchuzi ukaungua. Je, niache mambo yapoe yenyewe, maana mama mwenyewe alikubali, au niseme ukweli, mume wangu na mama mkwe wajue wameishi na mwongo miaka yote hii?

Ni mimi, Binti Niliyekosa Uso.

*

Binti wa Chapuchapu,

Nimekuita hivyo makusudi, na kama umekunja uso hapo ulipo, basi ugonjwa ungalipo.

Pole, mwanangu. Nasema hivyo kwa moyo, maana aliyelia mpaka mchuzi ukaungua hajaharibika. Msichana aliyekaa mbele ya mwalimu mkuu, akiogopa kukosa mume, ulimi ukamteleza. Hilo nalielewa, na tuko wengi tuliowahi kuwapandisha wazazi wetu cheo bila wao kujua. Lakini wa juzi hakuwa msichana. Alikuwa mke wa ndoa ya miaka mingi, mwenye kazi yake na watoto wake, na hakuna aliyekuwa anamfukuza.

Usijifariji eti mama alikubali. Rafiki yake alikuwa amemfungulia mikono baada ya miaka mingi, naye akaiacha furaha hiyo ili akufunike wewe. Na yule bibi wa watu akaomba radhi kwa kosa la kuona sawasawa. Wazee wawili kwa sentensi moja! Hiyo kasi angalau tunajua umeirithi kwa nani.

Mkataa kwao ni mtumwa, na wewe umekuwa mtumwa wa kaunta ambayo mama yako hakuwahi hata kuisogelea. Sasa nisikilize. Leo, si kesho, keti na mama peke yenu. Usimpelekee zawadi, wala usianze na "kama nimekukosea", maana umemkosea. Mwambie, "Mama, nilikuonea aibu, na aibu hiyo ni yangu mimi." Halafu funga mdomo. Akikugombeza, shukuru. Akinyamaza, kaa hapohapo.

Mumeo mwambie usiku huohuo, na mama mkwe mwambie mwenyewe, usimtume mume akubebee. Atanuna? Mwache anune. Aliyeendesha shule anajua fika kwamba bila wa kufagia, mwalimu mkuu angeshika ufagio. Kitakachomuuma ni kudanganywa, na hapo ana haki, kwa hiyo inamisha kichwa upokee.

Jumamosi, mama akiridhia, mrudishe kule. Utangulie wewe kuingia chumba cha pasi, na umwambie yule bibi, mbele ya wote waliokuwepo, "Hukumfananisha. Huyu ni Chapuchapu, ni mama yangu, aliyekosea ni mimi." Kisha wapishe, na usitazame saa. Binti yako naye awepo, maana aliuliza swali la maana akapewa jibu ambalo hakustahili.

Unaniuliza kama yatapoa yenyewe. Hayatapoa, nami nitakuambia kwa nini. Miaka ishirini na miwili mama yako alifundishwa kwamba mgeni akikosea, mfanyakazi ndiye anayesema samahani. Siku ile ulimsemesha kama mgeni, naye akakujibu kama mfanyakazi, na mpaka leo, ndani ya nyumba ya mwanawe, bado yuko kazini. Zamu yake iliisha zamani, binti. Nenda ukamwambie.