Kura ya Sahakuja

Haapasuvanto, 4 Septemba

Ndugu yangu Veikko,

Vipi baridi ya huko Norwei? Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Anneli anakusalimu, anauliza kama bado unakula samaki au umeshawachoka kwa kuwapakia kwenye masanduku kutwa nzima.

Sikupigi simu kwa sababu unajua sisi wawili, tuliokua pamoja ingawa hatukuzaliwa tumbo moja, tunavyokuwa kwenye simu: mmoja anapumua, mwingine anasikiliza. Na jambo lenyewe ni refu.

Nilikwambia chama kiliniomba nigombee udiwani ili kujaza nafasi. Nilikubali nikijua sitapita. Nimepita. Nadhani ni wale wote niliowafundisha udereva, wamenionea huruma. Kwa hiyo sasa nakaa kwenye ukumbi wa manispaa na kuchanganyikiwa kwa mshahara wa kahawa.

Jambo ni hili. Wanataka kujenga barabara ya mchepuo, malori ya magogo yasipite tena katikati ya mji. Kwanza baraza linapitisha mpango wa matumizi ya ardhi, yaani ramani inayosema hapa nyumba, hapa barabara. Halafu Novemba, kwenye bajeti, tunaamua kama fedha za kuijenga zipo. Kwa nini ramani inatangulia fedha, nimeuliza watu wengi na kila mmoja amenipa jibu lake.

Ramani ina rangi nyingi kuliko zulia la matambara. Nilikwenda kwa ofisa mipango miji, msichana mpole sana, nikamwekea kidole.

“Hii kijivu ni nini?”

“Eneo la barabara.”

“Na nyumba iliyo ndani ya kijivu?”

“Kwenye mpango hakuna nyumba hapo.”

“Lakini ipo. Nimekula maandazi ya iliki pale tangu utoto.”

“Ipo kwa sasa,” akasema.

Veikko, ni nyumba ya mama yako pale mtaa wa Sahakuja. Sikutaka uisome habari hii kwenye gazeti. Ramani hiyo nitaipinga.

Wako,
Ndugu yako Aulis


15 Septemba

Aulis ndugu yangu,

Mimi mzima, mgongo hivyo hivyo. Mwambie Anneli samaki nawala bado, hakuna kingine. Salimia watoto.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mpaka msimamizi akaniuliza nani amekufa. Nikampigia mama. Akaniambia kumenyesha. Nikamuuliza kuhusu barabara. Akasema majani ya mti wa mbele yameanza kugeuka rangi. Unamjua. Ukimuuliza kitu kizito anakupa hali ya hewa.

Ile nyumba marehemu baba aliijenga kwa mikono yake, kila msumari. Mimi na wewe tulimbebea mbao, na sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, tuliipaka lami mpaka Anneli akakataa kucheza dansi na wewe kwa sababu ya harufu. Mama amezeeka, ukimng'oa pale atanyauka. Sina mtu mwingine huko. Wewe ndiye mikono yangu. Mpango huo upinge, na fedha za barabara zipinge pia, ziwe za mwaka huu au za mwaka ujao.

Nakuamini.

Ndugu yako,
Veikko


8 Oktoba

Ndugu yangu Veikko,

Nakusalimu, ingawa leo salamu yenyewe inanikwama. Natumaini u mzima. Mimi silali vizuri.

Baraza limekaa. Nitakueleza kama lilivyotokea, maana watu wa huku mjini watakueleza vingine.

Oskari, yule mwenye duka la matairi, alitoa hoja mpango urudishwe kwa maofisa watafute njia nyingine, nyuma ya kituo cha umeme. Nikaunga mkono kwa sauti, mbele ya watu. Mwenyekiti akasema: “Wanaotaka tuendelee na mpango kama ulivyo, ndiyo. Wanaotaka urudishwe, hapana.” Kisha tukabonyeza vitufe.

Mimi kichwani nilikuwa na neno moja: ndiyo, urudishwe. Nikabonyeza ndiyo.

Taa zikawaka ukutani, kila jina na rangi yake. Oskari akanigeukia. “Wewe umelala?”

“Nimefanyaje?”

“Jiangalie ukutani.”

Tumeshindwa kwa kura moja, Veikko. Yangu.

Nikanyoosha mkono, nikasema nimekosea kitufe. Mwenyekiti akasema kwa upole kabisa, “Itaandikwa kwamba diwani amesema amekosea. Kura inabaki ilivyo.” Nikadhani kuna kura nyingine inakuja, ya mpango wenyewe, nikaweka kidole tayari juu ya hapana. Haikuja. Kumbe hoja ya kurudisha ikianguka na hakuna mwenye pendekezo jingine, mwenyekiti anagonga nyundo na mpango umepita. Aligonga wakati bado namuuliza jirani yangu tuko kwenye jambo gani.

Sasa dukani wananiuliza, “Mwalimu, leo kushoto ni wapi?” Wengine hawaniulizi kitu, wananiangalia tu kama mtu aliyenunuliwa. Na mimi mwenyewe, nikikaa kimya, sielewi niliwezaje.

Fedha bado hazijapita. Hizo ni Novemba.

Nisamehe kama unaweza.

Ndugu yako Aulis


16 Oktoba

Aulis,

Mzima.

Watu wamefundishwa na wewe kusimama kwenye taa nyekundu, na wewe huwezi kusoma taa mbili. Nimejaribu kucheka, nimeshindwa.

Nenda kwa mama ukamwambie wewe mwenyewe. Usimwachie jirani. Halafu Novemba ukae karibu na mtu mwenye akili.

Veikko


3 Novemba

Ndugu yangu Veikko,

Natumaini mgongo umepata nafuu na hasira pia, hata kidogo. Huku theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka.

Nimekwenda kwa mama yako. Nilikaa mezani kwake mchana mzima, na sikumaliza hata andazi moja. Nilimweleza kila kitu, kitufe, nyundo, yote. Tukaongea mambo ambayo sikuyatarajia. Kabla sijaondoka alinishika mkono akaniapisha nisikuandikie aliyoyasema. Nikaapa, sijui kwa nini. Anapokushika mkono unajiona una miaka saba.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja: muulize wewe. Usimuulize kuhusu barabara. Muulize anataka nini.

Kuhusu kura ya fedha, nilikuwa najua nitakachofanya. Sasa sijui. Nikitoka kitandani naamini hivi, nikifika kwenye gari la mafunzo naamini vile. Jana mwanafunzi alinikumbusha kufunga mkanda.

Ofisa mipango miji amenieleza hivi, naandika alivyosema ili nisikosee tena: kwa kuwa ramani imeshapita, mama haruhusiwi kujenga wala kupanua chochote pale. Na hakuna mtu atakayenunua nyumba iliyo juu ya barabara. Fedha zikipita, manispaa inanunua nyumba na kumlipa bei ya haki. Fedha zisipopita, nyumba inabaki yake, lakini ndani ya kijivu.

Wako,
Ndugu yako Aulis


11 Novemba

Aulis,

Salamu kwa Anneli.

Nimempigia mama kama ulivyosema. Nimemuuliza, “Mama, unataka nini?” Akasema anataka nivae soksi za sufu. Haya, ni siri gani hiyo mnayoifichana?

Unaniandikia mafumbo ya diwani. Mimi ni mtu wa samaki. Nyumba ikibaki yake, iwe kijivu au kijani, atalala kitandani kwake, na mimi nikija nitapasha moto sauna ya baba. Hilo tu. Bonyeza hapana. Ukibonyeza ndiyo mara ya pili sitasema tena umekosea.

Veikko


26 Novemba

Veikko, ndugu yangu,

Sijui kama utaisoma hii. Natumaini u mzima.

Bajeti imejadiliwa. Safari hii nilimwomba mwenyekiti arudie swali, akarudia, nikamwomba tena, watu wakaguna. Nilielewa vizuri kabisa. Fedha za barabara: ndiyo. Nimebonyeza ndiyo, kwa kusudi, macho yakiwa wazi.

Na tumeshindwa. Shule ya msingi imekutwa na ukungu kwenye kuta, watoto wanakohoa darasani, na fedha zote za barabara zimehamishiwa huko. Mimi nina mtoto pale, siwezi kusema wamekosea. Mchepuo umesogezwa mbele, “mpaka hali itakaporuhusu.” Oskari alinipigapiga begani akidhani nimekosea kitufe tena. “Pole,” akasema, “ila safari hii haijadhuru.” Sikumsahihisha.

Basi ndivyo ilivyo. Barabara haipo, na ramani inasema ipo. Nilipotaka kuiokoa nyumba niliiangusha, nilipotaka ichukuliwe imebaki. Nimekuudhi wewe bila kumsaidia yule niliyetaka kumsaidia. Nikijaribu kujua nimekosea wapi, napata sehemu nyingi mno.

Sababu yangu huijui na mimi siwezi kuiandika. Njoo nyumbani, Veikko. Usije kwa ajili yangu. Njoo umwone.

Ndugu yako, ukipenda,
Aulis


6 Januari

Veikko,

Heri ya mwaka mpya kutoka kwetu sote. Krismasi tulimpelekea mama yako samaki wa kuokwa na viazi vitamu vya kusaga, akasema Anneli ametia chumvi nyingi, kisha akala vyote. Nimempasulia kuni na kuzipanga barazani, karibu na mlango.

Sitegemei jibu. Nilitaka ujue kuni zipo.

Aulis


Haapasuvanto, 2 Machi

Aulis,

Ndiyo, umesoma vizuri hapo juu, niko mjini. Nimeliona gari lako la mafunzo mara mbili na mara zote nimeingia uchochoroni kama mwizi. Kwa hiyo naandika. Natumaini mko wazima wote, na yule mdogo amepona kikohozi.

Nilikuja bila kumwambia. Nikamkuta mama anaishi jikoni. Amehamishia kitanda pale karibu na jiko, ghorofa ya juu ameifunga tangu mwaka juzi kwa sababu ya ngazi, na sebuleni ukipumua unaona mvuke. Mkono wake wa kushoto haufiki juu tena. Alianguka kwenye ghala la kuni, hakuniambia. Kila nilipopiga simu alikuwa amekaa pale kitandani, ananisomea hali ya hewa.

Nikamuuliza, “Aulis alijua?”

“Alijua,” akasema. “Nilimwambia. Nilimwambia walete tingatinga hata kesho.”

“Kwa nini hukuniambia mimi?”

“Ungesema niuze. Halafu ningekuwa nimeiuza nyumba ya baba yako. Manispaa ikichukua, hakuna wa kusema niliiuza.”

“Ningesema usiuze,” nikamwambia.

“Hilo nalo,” akasema. “Baba yako aliniachia nyumba, na wewe ukaniachia baba yako humo ndani.”

Nilikwenda kukaa kwenye sauna bila moto, na koti langu, nikajaribu kupanga mambo kichwani. Hayapangiki. Kitufe ulichokosea ndicho alichokitaka mama, na kile cha pili, ulichokibonyeza kwa akili zako, hakikufaa kitu. Na mimi niliyekuwa nikikupigia kelele kutoka kwa Wanorwei nilikuwa naitetea nyumba ya mtu aliyekufa dhidi ya mtu aliye hai. Bado nina hasira na wewe. Nadhani ni kidogo. Ungevunja kile kiapo. Halafu nawaza kwamba ungekivunja asingekuambia kitu tena, na kuni zingepasuliwa na nani?

Nimemtafutia chumba cha kupanga kwenye lile ghorofa jipya mkabala na maktaba, lenye lifti. Nyumba tumeifunga, maji tumeyakata mabomba yasipasuke. Haiuziki, haibomolewi. Nimesikia fedha za barabara zitarudi barazani baada ya likizo za kiangazi. Mama anasema upige kura zipite. Mimi nikiwa peke yangu pale uani nataka zisipite, na nikiwa naye nataka zipite. Sitakuambia ufanye nini, kwa hiyo usiniulize.

Sijarudi kazini bado, nimeomba ruhusa. Jumapili njooni wewe na Anneli, ni ghorofa ya tatu. Viti viko viwili tu, bebeni vyenu. Utamkuta dirishani. Dirisha lake linatazama barabara kuu, malori yote ya magogo yanapita pale chini na vioo vinatetemeka, nikadhani atalalamika. Amevuta kiti chake karibu zaidi. Anasema zamani akitaka kuona watu lazima awapikie kahawa kwanza, na sasa wanapita wenyewe.

Ndugu yako,
Veikko