Neno la Kiume Katika Barua Yako

Nyumba Na. 31 (hiyo ni namba ya rangi ya njano waliyotupaka mlangoni),
Barranca Salada,
Pwani ya Honduras.

Jumatatu, 6 Machi 2079

Mpendwa dada Orfilia,

Salamu zangu zikufikie, na zikukute ukiwa peke yako. Watu huandika "mimi mzima, hofu ni kwako uliye mbali" kwa mazoea tu, kama kubisha hodi. Leo nayaandika maneno hayo kwa uzito wake wote. Unakula? Unalala? Kile kikohozi chako kimepoa? Kabla hujaendelea kusoma, geuka kwanza uangalie nani yuko nyuma yako.

Sisi hatujambo, kwa kipimo cha huku. Bibi Sabina magoti yanamsumbua, ila ulimi wake haujawahi kuugua. Mjomba Crisanto bado anavua samaki ambao hawapo. Bahari imemaliza makaburi ya upande wa kanisa, kisima kimeingia chumvi, na sasa kila Ijumaa tunasubiri lori la maji la Ofisi, hao hao waliokupeleka kambini huko mlimani. Bibi bado anakaanga ereba, ila muhogo wenyewe umekuwa haba, kwa hiyo mkate mmoja sasa hautoshi hata kujaza kiganja.

Barua hii anakuletea Petrona dobi, chini ya kapu la sare. Anasema kila Jumatano wewe ndiye unayempelekea nguo chafu, na kwamba kuzungumza ni marufuku. Nimemwamini kwa sababu hajui kusoma, na hata hilo nimelichunguza. Nilimwekea karatasi iliyoandikwa "Petrona, nyumba yako inaungua." Akaitazama, akaniambia nina mwandiko mzuri. Wewe ukimaliza kusoma, itafune. Nimetafuta karatasi nyembamba makusudi.

Sasa nije kwenye barua yako. Ililetwa jana, tulipotoka kusali, na karani wa Ofisi aliyevaa viatu safi. Katika kijiji hiki chenye tope mpaka madhabahuni, mtu mwenye viatu safi simwamini. Akasimama mlangoni na daftari lake, akangoja niisome kwa sauti ili aandike majina ya watakaopanda lori Jumamosi.

Mwandiko ulikuwa wako, hilo sina shaka nalo. Lugha ilikuwa yetu, na hapo ndipo nilipoanza kushtuka, maana barua zote za nyuma za waliochukuliwa zilikuja kwa Kihispania na hakuna tena anayeziamini. Nikasoma, na ilianza hivi: "Au ninashiba. Au nina kitanda changu na maji ya bomba. Njooni wote, msibebe chochote. Au nina furaha."

Mjomba Crisanto akapiga makofi. "Heee! Orfilia kaota ndevu huko mlimani! Mpelekeeni wembe!"

Tukacheka wote. Karani naye akacheka, tena kwa sauti kutushinda, bila kuuliza tunacheka nini. Nikajua hapo hapo kwamba lugha yetu haijui hata neno moja.

Dada, sisi tulifundishwa kwa kuchapwa mwiko wa Bibi wa kusongea. Mwanamume akijitaja husema "au", mwanamke husema "nuguya". Unamkumbuka Fabricio, aliyelelewa na wanawake peke yao, akawa anasema "nuguya" mpaka ana miaka minane, kijiji kizima kikamwita bibi harusi? Wewe ndiye uliyelianzisha jina hilo. Leo wewe ukosee, tena mara saba katika ukurasa mmoja? Na barua nzima hakuna lalamiko hata moja! Wewe, ambaye ukifika peponi utalalamika kwamba malaika wanaimbia puani!

Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kucheka. Akamtazama karani kwa uso wa asali. "Mwambie bwana huyu tutakwenda wote, na Mungu ambariki yeye na viatu vyake." Nikamfasiria. Karani akaandika majina yetu manne, akaenda zake.

"Soma tena," Bibi akaniambia. "Polepole. Na wewe Crisanto, funga huo mdomo."

Nilisoma tena, na safari hii tukakusikia. Kila lililosemwa kwa "au" si lako. Kuna mwanamume alikaa mbele yako akikutajia maneno, na wewe ukayaandika kwa sauti yake ili tujue ni yake. Nilijivunia wewe, dada, na papo hapo nikaogopa.

Lakini chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja. "Nuguya namkumbuka mama."

Mama yako aliipokonya karatasi mkononi mwangu. Hajaiachia tangu jana.

Tumekubaliana hivi. Ijumaa lori la maji likishaondoka, tunapanda juu ya mto kwa ndugu zake Bibi, tunaacha mlango na namba yake. Ofisi ikija Jumamosi ikute mbu. Mimi nimetimiza miaka kumi na saba, umri wanaoutaka, kwa hiyo jina langu ndilo la kwanza kwenye daftari lao. Nilidhani mama yako Hilaria atakuwa wa kwanza kufunga mzigo, kwa vile amenilea tangu mama yangu achukuliwe na maji na hajawahi kuniacha nitembee peke yangu hata hadi ufukweni.

"Nyie nendeni," akasema. "Mimi napanda lori. Mwanangu ameniita."

"Hakukuita, amekufukuza!" Bibi akamkemea. "Huna masikio?"

"Amenikumbuka, mama. Kwa mdomo wake mwenyewe. Hayo mengine sikuyasikia."

Leo asubuhi amefua gauni lake jeupe la Pasaka, akalianika. Nimemsihi, nimelia, nimemkasirikia. Anatabasamu tu, ananiuliza kama unapenda bado ereba iliyokauka sana.

Nikaenda kwa Petrona. Mara zote nikimuuliza huko juu anaona nini, hujibu, "Nguo, mwanangu. Mimi huona nguo." Leo nikamng'ang'ania. Akafunga mlango kwanza. "Mwaka jana nilikuwa nafua sare za vijana mia mbili," akasema. "Sasa nafua sabini. Na malori yanapanda kila mwezi." Hilo sijamwambia mama yako. Najua angetaka kupanda leo leo akutafute.

Basi nakuomba jambo moja, dada, na unisamehe kwa kukuomba. Petrona anarudi Alhamisi. Mpe kipande cha karatasi, hata kiwe cha mstari mmoja. Andika maneno yale yale ya mwisho, kwa mwandiko wako ule ule, lakini safari hii andika hivi: "Au namkumbuka mama."

Atadhani na hilo ulitajiwa na yule mwanamume. Gauni atalirudisha sandukuni, na Ijumaa nitamshika mkono tuondoke. Mimi nitajua ukweli, nitautunza, na siku utakapotoka huko nitamwambia mbele yako, hata akinichapa.

Bibi Sabina anakusalimu na anasema mwiko wake umefanya kazi nzuri. Mjomba Crisanto anafuta ule utani wa wembe. Tangu jana hajacheka. Mama yako hajui kwamba nakuandikia, kwa hiyo salamu zake sina. Nimeweka tu uzi mweupe wa pindo la gauni lake. Huo usiutafune.

Mungu na wazee wetu waliotangulia wakufunike, wakufanye usionekane na wanaokuhesabu.

Wako akupendaye,
nuguya, tena nuguya,
Damiana