Miguu ya Baba Zuhura

Kasongo, Alhamisi, baada ya magharibi

Leo tena miguu yake baridi. Mume wangu ana kichwa kigumu! Kutwa amekaa, miguu ameikunja, anashona kofia. Anfirmie wa Leta, muuguzi wa hospitali ya serikali, alisema atembee kila asubuhi, na jioni nimwoshe miguu kwa maji ya vuguvugu, nisugue kutoka vidoleni kwenda juu, damu ipate kupita.

Nilisugua huku nikimuwaza marehemu bibi mmoja tuliyemwosha asubuhi, mimi na wenzangu waosha maiti. Mikono ikajiendea yenyewe: kuume kwanza, mara tatu.

"Mama Zuhura," akasema polepole, "mimi niko muzima."

Nikatazama. Nilikuwa nimevifunga vidole gumba vya miguu yake pamoja kwa kitambaa, kama tunavyowafunga maiti.

Nikakifungua mbio. Miguu yake ilikuwa imepata joto. Lakini mikono yangu, hata sasa ninapoandika, bado baridi.