Hukukata Wewe, Mjomba

Chumba cha uani,
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini wewe na mkeo mu wazima, na kwamba mtoto wenu mchanga ameanza kuwaacha mlale. Huku sote hatujambo. Mama mafua yamemwisha, nami mitihani nimeipita bila aibu, ukiondoa michezo.

Naandika kwa sababu Bibi amekununia, hii ni wiki ya tano. Jina lako halitaji tena, anakuita "yule bwana wa laptopu". Anaamini kwamba kila Jumapili, akiwa hata salamu hajamaliza, unamkatia. Hukukata wewe, Mjomba. Ni laptopu uliyotutumia, na zaidi ya laptopu ni mimi.

Ulinionya nisichezee Linux, ile programu ya kuendeshea laptopu uliyoiweka. Niliichezea. Niliweka toleo jipya, nikaitangazia nyumba nzima kwamba sasa fundi yupo. Tangu hapo waifai ikawa inakatika katikati ya maongezi yenu. Bibi aliponiuliza, "Amekata?" nilijibu, "Labda ana kazi." Niliona haya kusema kwamba fundi ndiye aliyeharibu.

Nimehangaika sana kuitengeneza. Nilisoma humohumo kwenye laptopu alasiri nzima maelezo ya watu waliopatwa na shida hiyohiyo, na nilipokuwa nikiyasoma mtandao haukukatika hata mara moja, jambo ambalo lilipaswa kunishtua. Nikaipeleka kwa fundi simu wa mtaani.

"Kijana, ugonjwa ni hiyo Linux. Tuifute."

"Aliiweka mjomba wangu."

"Basi tumfute mjomba."

Nikaikumbatia laptopu nikaondoka bila kuaga.

Unajua Bibi akitaka kuongea nawe hututoa wote chumbani. Jumapili iliyopita nilirudi kuchukua miwani, nikamkuta amechomoa waya wa chaji na kuushika mkononi.

"Bibi, mbona umechomoa?"

"Kule kuna mtoto mchanga. Umeme ukipita humu ukamfikia, utamlipa wewe?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Toleo nililoweka huifanya kadi ya waifai isinzie kila laptopu inapotumia betri, ili kubana umeme. Mimi nilikuwa naijaribu ikiwa kwenye chaji, ndiyo maana nilikuta haina ugonjwa. Nimebadilisha mstari mmoja tu kwenye mipangilio, na sasa haisinzii. Nimeijaribu kwenye betri siku mbili, jikoni, uani na hata bafuni.

Kisha nilimweleza Bibi ukweli wote. Akaniuliza ilikuwaje nikamwacha amnunie mwanawe wiki tano. Ndipo akaniagiza nikuandikie kwa mkono, kwa sababu mashine iliyokusingizia haiwezi kupeleka radhi. Kupiga mwenyewe hataki. Anasema yeye ni mama yako, hawezi kuanza.

Kwa hiyo piga wewe, Jumapili saa kumi jioni ya huku. Nami pia unisamehe, Mjomba.

Mama anakusalimu, na dada yangu mkubwa anaomba picha ya mtoto akiwa macho. Msalimie sana mkeo. Mungu awatunze nyote watatu.

Mpwa wako akupendaye, fundi mstaafu.

N.B. Hata ukiwa na haraka, tafadhali usiwe wa kwanza kuaga. Mwache Bibi akate yeye.